Dirisha la Tatu

Saa tatu na nusu. Feni inazunguka kama mtu
asiyetaka kuulizwa swali.
Foleni imefika kwenye ngazi, imepinda
kufuata kivuli cha tangi la maji,
nami nina mhuri, kibao cha wino,
na Jumatatu nzima mbele yangu.

Wa kumi na tisa namsoma kabla sijamwona uso:
Nyamizi Kasanda, mwaka wa pili, Uhasibu.
Anaacha kozi mbili.
Takwimu, ya Jumanne asubuhi.
Uhasibu wa Gharama, ya Alhamisi.
Sababu: mgonjwa.
Neno moja, kwenye mistari minne aliyopewa.

"Mgonjwa nani?"
"Mdogo wangu, yuko Muhimbili. Jumanne na Alhamisi
anasafishwa damu. Mimi ndiye ninayemshika mkono."

Kazi yangu si kushika mikono.
Kazi yangu ni kusema hesabu.

Basi naisema. Kwamba hii ni wiki ya saba.
Wiki ya pili ungeirudisha kozi kama gauni dukani,
lebo bado inaning'inia kwapani.
Wiki ya saba umeshalivaa, lina jasho lako.
Ada imeshalipwa kwa jina lako,
na jina lako limeshakaa upande wa kushoto wa daftari;
wewe wa uhasibu, maana yake unaijua.

Kwamba ukibaki na kozi tatu
si mwanafunzi kamili tena, na mashine ile
haijui kuhesabu vipande vya mtu.
Bumu la awamu ya pili halitasoma.
Hela ya chakula haitasoma.
Kitanda cha Mabibo, godoro na ufunguo wake,
havitasoma.

Anafikiri. Nyuma yake kijana mmoja anakohoa kwa makusudi.
"Kwa hiyo nikiacha viwili, vyote vinaniacha?"

Magomeni nilikokulia, mwanamke akichoka
aliweza kuidai talaka kwa kinywa chake,
ila mahari aliirudisha,
mpaka bangili ya mwisho, mbele ya mashahidi.
Namwambia, fomu hii ni dada yake ile.

"Na kuahirisha mwaka?"
Kuahirisha ni fomu ya kijani. Mkopo unalala, haufi,
na ukiurudia mwakani unauomba kwa barua,
na barua inajibiwa siku inayopenda.

Haya yote nayasema bila kukwama
kama mtu anayetaja majina ya watoto wake.
Nisichomwambia kipo kwenye droo,
chini ya kibao cha wino: hati yangu ya mshahara.
Mstari wa nne, makato.
Miaka kumi na moja nalipia mwaka wa tatu
ambao niliufikia mlangoni tu,
tumbo likiwa la miezi saba, jua la Ubungo likinisukuma nyuma.
Shahada sina.
Deni ninalo, safi kabisa, lina namba yake.
Wanasema dawa ya deni kulipa;
hawaulizi deni lenyewe lilikuwa dawa ya nini.

Mhuri nimeushika. Wino wa zambarau umeshaniingia kucha.
Siugongi.

"Sikiliza," namwambia, na sauti yangu inanishangaza,
imeshuka, imekuwa ya jikoni.
"Mwalimu wa Takwimu ana kundi la jioni,
saa kumi na moja, la watu wanaotoka makazini.
Halijabandikwa ubaoni. Nenda chumba namba kumi na nne, umwombe.
Huyo wa Gharama simjui, labda naye ana moyo.
Wakikataa, rudi Ijumaa, nitagonga."

Anaikunja fomu mara nne,
ndogo, kama cheti cha dawa,
anaitia ndani ya kava la simu.
Hasemi asante. Sikuitarajia.

"Wa ishirini!"

Ijumaa foleni ilikuwa fupi.
Niliitazama yote, uso kwa uso,
kisha nikainuka nikaitazama tena
mpaka kwenye ngazi.